Chai ya Posa Bila Sukari

Mwanamke akiposwa, watu hutarajia aone haya, acheke peke yake mbele ya kioo, au walau viganja vimtoke jasho. Chiu-yen hakutokwa na chochote. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, kule Madou, gauni la waridi limembana kifuani, maua yamechomekwa nyweleni, akatazama feni inavyozunguka. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Binamu zake walikuwa wamempaka poda mpaka akafanana na mwanasesere wa dirishani, naye aliwaacha wapake tu, kana kwamba uso ule ni wa mtu mwingine, yeye kauazima.

“Umependeza,” mama yake alisema kutoka mlangoni.

“Asante, mama.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

Hakuwa amekula. Hakuwa na njaa wala shibe.

Mama yake aliingia, akafunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alivaa gauni jipya la zambarau ambalo lebo yake bado ilichungulia shingoni. Alilinyoosha gauni magotini, halafu akasema lile alilokuwa amelimeza wiki nzima.

“A-Yen, bado hawajafika. Naweza kutoka pale nje nikawaambia unaumwa tumbo.”

“Siumwi tumbo, mama.”

“Basi nitaumwa mimi. Mimi ni mtu mzima, nina haki ya kuumwa tumbo siku ninayotaka.”

“Nimeshamwambia ndiyo.”

“Ndiyo!” Mama aliguna. “Nimemwosha baba yako kigutu mpaka mikono ikazoea ile harufu. Wewe muuguzi, harufu yenyewe unaijua kuliko mimi. Mtu katoka motoni salama, sasa anazunguka anatafuta kaa jingine la kukanyaga. Kwani wanaume wembamba wameisha Taiwan nzima?”

“Wembamba nao wanaugua sukari, mama.”

“Usinipe somo la kliniki! Mimi si mgonjwa wako. Mimi ni mama yako, na naogopa.”

Neno hilo lilipaswa kumchoma. Chiu-yen aliutafuta mchomo wenyewe ndani yake kama mtu anayefungua jokofu kutafuta kitu cha kula, akakuta rafu tupu, akafunga. Ndivyo alivyokuwa tangu mazishi ya baba yake. Alifanya kazi, alilipa umeme, alicheka wenzake walipocheka. Ila ndani mlikuwa mmekufa ganzi, na ganzi haiumi, ndiyo maana mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kumwambia yeyote.

Baba yake alikuwa dereva wa lori la mabalungi. Sukari ilimpata akiwa bado na nguvu zake, na bintiye alikuwa nani? Mwalimu wa wagonjwa wa sukari, kule kliniki ya mjini Tainan. Kila wiki aliwafundisha watu wanene namna ya kula na kutembea, na watu wale, wageni watupu, walimsikiliza. Basi akamnunulia baba yake viatu vya kutembelea, vyeupe, vyenye mistari ya buluu. Kila jioni alimpigia simu kutoka mjini.

“Umetembea leo, baba?”

“Nimetembea mpaka nimelowa jasho, mwanangu.”

Siku iliyofuata baada ya kumzika, Chiu-yen aliviokota viatu vile mlangoni, akavigeuza. Soli zilikuwa mpya. Vile vinundu vidogo vya kiwandani vilikuwepo vyote, hakuna hata kimoja kilichosagika. Matope yalikuwa ubavuni tu, yamepakwa kwa mkono. Mzee wa watu hakutaka kumvunja moyo bintiye, na kwa kutotaka kumvunja moyo, akapoteza mguu, kisha uhai. Chiu-yen alivirudisha viatu palepale, akavipanga vizuri. Hakulia siku ile, na hakulia tena.

Halafu akaja Tien-fu.

Kuo Tien-fu alikuwa mtu wa kuonekana kutoka mbali. Kiti cha darasani kilipiga kelele alipokikalia, naye akakiomba radhi kile kiti, watu wakacheka, akacheka nao. Familia yao ilikuwa na duka la kinywaji cha boga jeupe, linalopikwa na sukari masufuriani toka asubuhi, kazi aliyoianza babu yake. Tangu utotoni Tien-fu ndiye aliyekuwa mwonjaji. Mama yake alichota kwa upawa, akampulizia, akasema, “Fungua mdomo,” naye akafungua. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na bado alikuwa akifungua.

Siku ya kwanza, Chiu-yen alimpima miguu. Kazi yenyewe ni nyepesi: uzi mmoja wa nailoni, mwembamba, unagusishwa hapa na pale chini ya unyayo.

“Funga macho,” alimwambia. “Ukisikia nimekugusa, sema ndiyo. Usiposikia, nyamaza.”

Akamgusa kidole gumba.

“Ndiyo.”

Akamgusa kisigino.

“Ndiyo.”

Kitu fulani kilimtia shaka Chiu-yen. Aliuweka uzi mezani, akakunja mikono, akangoja.

“Ndiyo,” Tien-fu alisema, macho yamefumba, uso unatabasamu kama mtoto mwema wa shule. Baada ya kitambo, akaongeza: “Ndiyo.”

Darasa zima likaangua kicheko. Chiu-yen hakucheka.

“Bwana Kuo, fungua macho.”

Alifungua. Akauona uzi juu ya meza, akaiona mikono iliyokunjwa, akawiva hadi masikioni.

“Nisamehe, Mwalimu,” alisema polepole. “Nilidhani unataka niseme ndiyo.”

Maneno hayo Chiu-yen alienda nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Hakumkataza Tien-fu chochote, kwa sababu anayenyimwa vyote leo, kesho huiba vyote. Alimuuliza tu ni kipi anaweza kukiacha. Tien-fu akafikiri sana, akasema ataacha upawa, ataonja kwa ncha ya kijiko cha chai. Wiki nyingine akakubali kula mboga kwanza, nyama ifuate, wali uje mwisho. Kisha akajiunga na kundi la wanaotembea kando ya mfereji baada ya chakula cha jioni, yeye wa mwisho kabisa, akihema kama injini mbovu, na Chiu-yen akitembea kando yake kwa sababu kazi yake ilikuwa kutembea na wa mwisho.

Walizungumza habari za maboga, za mvua, za paka wa dukani. Kila alipogeuka alikuta Tien-fu anamtazama, na kila alipomkuta, Tien-fu alijifanya anatazama maji. Suruali zake zilianza kulegea. Jumatano moja alitoweka darasani.

“Nimehamia darasa la Bi. Hsieh,” alimwambia jioni ile pale mferejini.

“Kwa nini? Nimekukosea?”

“Hujanikosea. Si mlisema mwalimu haruhusiwi kumpenda mgonjwa wake? Sasa mimi ni mgonjwa wa Bi. Hsieh.”

Mwanamke mwingine angecheka, au angekimbia. Chiu-yen alitikisa kichwa tu kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Walitembea vivyo hivyo misimu yote minne, na jioni moja Tien-fu akasimama, akavua kofia, akamwomba wafunge ndoa. “Ndiyo,” Chiu-yen akajibu. Sauti yake ilipomrudia masikioni, aliitambua. Ndiyo ile aliwahi kuisikia mahali: mtu kafumba macho, na uzi uko mezani.

Fataki zililia nje. Shangazi Kim-hue, dada mkubwa wa marehemu baba yake, aliingia chumbani kama upepo. Ndiye aliyechaguliwa kumwongoza binti, kwa kuwa mume wake yu hai, wana wake wamekua na wajukuu wamejaa tele, na mtu wa namna hiyo mkono wake una baraka.

“Wamefika! Simama nikuone. Mbona uso umekaa kama wa karani wa posta? Tabasamu! Tabasamu kidogo tu, tusije tukaambiwa tumekulazimisha.”

Chiu-yen akatabasamu.

“Afadhali usitabasamu,” Shangazi akasema, akatoka mbio kwenda jikoni.

Mama alikuwa ameshatangulia kupokea wageni. Alirudi baada ya kitambo, akasimama mlangoni na uso ambao Chiu-yen hakujua maana yake.

“Amekuja na viatu vya kutembelea,” mama alisema. “Siku ya posa yake. Mama yake anamsema huko nje mpaka majirani wanasikia.”

“Ana sababu yake, mama. Vile vigumu vya ngozi vinaweza kumtia malengelenge, asijue.”

“Nimevigeuza.”

“Nini?”

“Walipovivua mlangoni, nilijifanya navipanga. Nimevigeuza nikaangalia chini.” Mama alimeza mate. “Soli zimeisha, A-Yen. Kisigino cha kulia kimelika mpaka kinakaribia kutoboka.”

Mama peke yake ndiye aliyejua habari ya viatu vyeupe vya mistari ya buluu. Hawakuwahi kuizungumza.

“Anatakiwa kununua vingine,” Chiu-yen akasema. Ndilo lililomjia.

“Nakwambia mtu anatembea kweli, wewe unaniambia habari za duka?”

“Ametembea kwa ajili yangu, mama. Baba naye alisema anatembea kwa ajili yangu. Siku nitakayogeuza kichwa, je?”

Mama alimrekebishia ua moja nyweleni, akatoka.

Hilo ndilo lililokuwa likimkaa Chiu-yen kooni. Hakuogopa unene wa Tien-fu, wala sindano, wala dawa za kila siku. Aliogopa kuwa yeye ndiye uzi. Aliogopa kwamba mwanamume yule angesema ndiyo kwa kila kitu mradi macho yake yanamwona, na siku yatakapotazama kwingine, atarudi kwenye upawa na kupaka matope viatu vyake. Mara ya pili asingeweza. Afadhali kukaa na ganzi yake, mjane wa mtu ambaye hakumwoa.

Kwa hiyo hakumwambia mtu yeyote jikoni apunguze sukari. Chai ya posa lazima iwe tamu: ina tende nyekundu, ina vipande vya boga vilivyogandishwa kwa sukari, kisha sukari yenyewe juu yake. Utamu wa chai ndio utamu wa ndoa. Mchumba huipokea mbele ya ukoo mzima, na kuikataa ni kumkataa binti. Kikombe kimoja hakimuui mtu, Chiu-yen alijua hivyo na alikuwa akifundisha hivyo. Ila alitaka kumwona akipokea. Akimwona anafunga macho na kusema ndiyo, basi atajua. Atafanya nini akishajua, hilo hakulipangia.

Pale mlango wa jikoni, binamu yake mdogo alikuwa ameshapanga vikombe sita kwenye sinia: vinne mbele, viwili nyuma. Shangazi Kim-hue alipoona, nusura azimie.

“Vinne! Namba ya msiba! Unataka kumposa dada yako au kumzika?”

Akavichanganya upesi kwa mikono yote miwili, vitatu mbele, vitatu nyuma, akamkabidhi Chiu-yen sinia, akamshika kiwiko na kuanza kutoa maneno ya baraka kwa sauti ya kuimba. Walikuwa wamefika katikati ya sebule sauti ilipomkwama. Macho yalimtoka, akatazama sinia, akatazama vikombe kimoja kimoja. Lakini maneno ya baraka yakianza hayakatizwi, kukata ni mkosi, basi akaendelea kuimba huku jasho linamtiririka puani.

Wageni walikaa kwa mstari. Wa kwanza mjomba wao mzee, wa pili Mama Yulan, mama wa mchumba, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa ya kukoroga masufuria. Wakafuata ndugu watatu, na mwisho kabisa, karibu na dirisha, Tien-fu. Suti ilimkaa vizuri, soksi zake zilikuwa nyeupe pee. Alimtazama Chiu-yen, na safari hii hakujifanya anatazama maji. Macho yake yalikuwa na shauku ya mtu aliyengoja sana na bado haamini. Chiu-yen aliona yote hayo kama anayetazama nyumba ya jirani kupitia kioo.

Mjomba alipokea, akanywa, akasifu. Mama Yulan akapokea kwa mikono miwili, akapiga funda moja. Akakitazama kikombe. Akapiga la pili, kuhakikisha. Chiu-yen alikuwa ameshapita kwa wale ndugu, ndiyo kwanza anamkabidhi Tien-fu kikombe cha mwisho, aliposikia kikombe kikitua mezani.

“Hii chai,” Mama Yulan alisema, “haina sukari.”

Ilikuwa sawasawa na mtu kuja harusini na nguo za matanga.

“Mama...” Chiu-yen akaanza.

“Usiniite mama bado!” Mama Yulan alikisukuma kikombe mbali. “Nimevumilia. Umemwondoa mwanangu mezani kwangu, nimenyamaza. Nikimpikia, anachagua majani kwanza kama sungura. Wali wangu anauacha mpaka upoe. Mtoto niliyemlisha kwa mkono huu, leo anashika kijiko cha chai ananionjea kama mkaguzi wa serikali! Nimenyamaza. Lakini leo, mbele ya ukoo, unaninywesha maji ya hospitali? Mimi?”

Si mimi, Chiu-yen alitaka kusema, na ilikuwa kweli. Alisimama na sinia tupu, akamtazama Tien-fu, kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama Tien-fu.

Kikombe chake kilikuwa kimefika nusu ya njia ya mdomo. Chiu-yen aliujua uso ule. Ulikuwa uso wa mtu anayejiandaa kusema ndiyo. Sasa atakunywa, Chiu-yen aliwaza. Atakigugumia chote, aseme kitamu, amwombe mama yake radhi, kila mtu apumue, na mimi nitakuwa nimejua. Hakuhisi huzuni. Alihisi baridi kidogo miguuni, basi.

Tien-fu alikinusa kikombe. Akakiweka chini, akasimama.

“Mama, nipe hicho kikombe. Ni changu.”

“Chako vipi?”

“Nilimpigia Shangazi Kim-hue simu juzi, nikamwomba cha kwangu asitie sukari. Kimepotea njia tu.”

“Ni kweli!” Shangazi akapasuka kama aliyefunguliwa kamba. “Nilikiweka nyuma, pembeni kushoto! Halafu huyu mtoto kaniwekea vinne mbele, nikachanganya, jamani nifukieni nikiwa hai!”

Mjomba mzee alicheka, akakohoa, akanyamaza alipoona Mama Yulan hacheki.

“Basi ndiye aliyekutuma,” Mama Yulan alisema, kidevu kinamwelekea Chiu-yen.

“Hakunituma. Hakujua kitu. Mwangalie uso wake.”

Walimwangalia. Hata kwa poda ile yote, ilionekana kwamba hakujua.

“Kikombe kimoja, Fu,” mama yake akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. “Kimoja, cha posa yako. Kingekuua?”

“Kisingeniua. Hata yeye darasani anasema hivyo. Lakini mama, mchovya asali hachovyi mara moja, na mimi nimezaliwa ndani ya mtungi wenyewe. Lini umeniona nikanywa kimoja?”

“Kwa hiyo unaona aibu na kazi yetu. Sukari iliyokusomesha.”

“Sioni aibu.” Tien-fu alichuchumaa mbele ya kiti cha mama yake, taratibu, akishika meza. Zamani asingeweza kuchuchumaa. “Unakumbuka siku sufuria lilipomwagika? Ukaniuliza imekuunguza? Nikakwambia kidogo tu, nimeruka.”

“Nakumbuka. Uliruka.”

“Sikuruka, mama. Sikuisikia. Niliendelea kusimama palepale. Nilipotaka kutembea ndipo nikaona ngozi imeshikana na kandambili.”

Mama Yulan alimtazama bila kupepesa.

“Miguu yangu siisikii,” Tien-fu akasema. “Vidole vyote. Tangu kabla sijamjua huyu. Nilikuficha wewe, nikajaribu kumficha na yeye, nikamwambia ndiyo, ndiyo, nasikia, wakati hata hakunigusa. Nilidhani mtu akisema ndiyo, kila mmoja anafurahi. Sasa nimechoka. Kliniki sasa naenda kwa ajili yangu, si kwa sababu yake. Hata leo akinikataa mbele yenu hapa, kesho jioni nitatembea mferejini. Nitalia, lakini nitatembea.”

Mahali fulani nyuma, kwenye mlango wa jikoni, mama yake Chiu-yen alivuta kamasi.

Mama Yulan aliinamisha kichwa. Alikuwa akitazama soksi nyeupe. Aliwahi kumgombeza kwa ajili ya soksi zile, kiangazi kizima, kwamba nani anavaa soksi ndani ya nyumba, unajifanya Mjapani?

“Soksi,” alisema. “Ndiyo maana ya soksi.”

“Ndiyo maana, mama. Nyeupe, ili nikitoka damu nione.”

Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio cha Mama Yulan kilikuwa cha kimyakimya, cha mtu asiyependa kuonwa. Alijifuta kwa kiganja kipana. Kisha akampa mwanawe kile kikombe kisicho na sukari, akachukua cha tamu kutoka mezani, akakinywa chote mpaka tende ya mwisho, akaviringisha bahasha yake nyekundu ya pesa na kuitia ndani kama desturi inavyotaka.

“Chai nzuri,” alimwambia Chiu-yen. “Leteni kigoda.”

Basi wakamkalisha Chiu-yen katikati ya sebule, uso kuelekea mlangoni, miguu juu ya kigoda kidogo. Ukumbi ulichangamka, kwa sababu sasa ulikuwa wakati wa pete, na hakuna mtu wa Tainan asiyejua mchezo wake. Mama mkwe husukuma. Binti hukunja kidole ili pete ikwame kwenye kifundo. Ikipita mpaka mwisho, maisha yake yote atatawaliwa.

“Kunja!” Shangazi Kim-hue alimnong’oneza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. “Kunja kidole, mtoto! Huyu ana mikono ya masufuria!”

Chiu-yen alikunja, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa. Kichwani mwake maneno yalikuwa yakizunguka polepole. Hata akinikataa nitatembea. Alimpigia simu juzi. Juzi yeye alikuwa kliniki, hakumwona, hakumuuliza. Hakuna macho yaliyomtazama alipoishika simu ile.

Mama Yulan alisukuma. Pete ilifika kwenye kifundo, ikabana ngozi. Akasukuma tena kwa mazoea ya mkono wake, na hapo ikauma.

Yalikuwa maumivu madogo, ya kijinga, ya ngozi iliyobanwa. Chiu-yen aliyashangaa. Yalipanda kidoleni, yakapita kwenye mkono, yakafika kifuani, na kule yalikuta mlango ambao haukuwa umefungwa sawasawa. Viatu vyeupe. Mistari ya buluu. Nimetembea mpaka nimelowa jasho, mwanangu. Chozi lilichora mstari kwenye poda, likafuatwa na jingine.

Mkono wa Mama Yulan ulisimama.

“Nimekuumiza?” aliuliza.

“Hapana, mama” lilikuwa tayari mdomoni, limepangwa vizuri, la adabu. Chiu-yen aliinua macho. Nyuma ya bega la Mama Yulan alisimama Tien-fu na kikombe chake kitupu. Hakutabasamu, hakutikisa kichwa, hakumwomba aseme chochote. Alingoja tu, kama mtu aliye tayari kwa jibu lolote.

“Ndiyo, mama,” Chiu-yen akasema. “Imeuma.”

Mama Yulan akaiachia pete palepale kwenye kifundo, mbele ya ukoo mzima, akarudisha mikono yake mapajani.

“Basi itabaki hapohapo,” alisema. “Na ninyi wawili, kila mmoja amwambie mwenzake panapouma. Mimi ndiyo za uongo sitaki tena nyumbani kwangu.”

Shangazi Kim-hue alipiga makofi, mjomba akadai chai nyingine, fataki zikawashwa upya. Chiu-yen hakuzisikia. Alikuwa akilia kwa sauti, mdomo wazi, kana kwamba hakuwahi kulia tangu azaliwe. Tien-fu alipiga magoti kando ya kigoda, akamshika mkono wenye pete iliyokwama. Shangazi alikuja na kitambaa kuokoa kile kilichobaki cha poda, na kila alipojaribu kumfuta, Chiu-yen aliusukuma mkono wake, kwa sababu ilikuwa inauma, na alitaka iume.